Kondo Alipovaa Namba Tatu

Nilipokuwa mtoto, mtoto wa kidato cha tatu mwenye ndevu nne alizozihesabu kila asubuhi, niliamini kwamba watu wenye maana duniani ni kumi na mmoja tu. Shuleni kwetu Kisarawe hatukuulizana ukoo wala kijiji, tuliulizana namba. Namba mbili na namba tatu walikuwa mabeki wa pembeni, namba tano alikuwa kisiki cha katikati, saba na kumi na moja walikuwa mawinga wa kukimbia mpaka kamasi ziwatoke. Ukishamwambia mtu namba yako, alikuwa ameshajua kazi yako na heshima yako. Mimi nilikuwa namba tisa. Namba tisa ndiye mfungaji, na siku ya mechi hata walimu wasiotujua majina walituita kwa sauti ya upole.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Redioni na darasani tuliambiwa kila siku kwamba binadamu wote ni sawa, na kweli tulilima pamoja shamba la mihogo la shule, tukala pamoja maharage yenye fukusi. Lakini usawa huo uliishia kwenye chokaa ya kiwanja. Ndani ya chokaa mimi nilikuwa kapteni tena namba tisa, na niliringa mpaka nikawa nachosha. Sijui wenzangu walinivumiliaje.

Timu yetu ilipangwa na watu wawili, na wawili hao hawakuwahi kukaa meza moja. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Komba, mtu wa Songea aliyetufundisha hisabati. Yeye alichora uwanja ubaoni, akatuweka sisi kwa chaki nyeupe na wapinzani kwa chaki nyekundu, halafu akaanza kuvuta mishale. Alitufundisha mfumo wa mabeki wanne, viungo wawili na washambuliaji wanne. Alisema mtu akiacha nafasi yake hata kwa hatua kumi, anakuwa amemchangia adui mchezaji mmoja.

Wa pili alikuwa Mzee Kitwana, mpishi wa shule. Kila timu niliyoijua enzi zile ilikuwa na kamati yake ya ufundi, na kila mwalimu alijifanya haioni. Ya kwetu ilikaa jikoni. Tulikuwa watatu: Mzee Kitwana, mimi kapteni, na Shomari, golikipa wetu, kijana mrefu aliyekuwa mwoga wa mijusi na shujaa wa kila kitu kingine. Siku moja kabla ya mechi, alasiri, tulipeleka jezi jikoni. Mzee Kitwana alizifukiza ubani, akazinyunyizia maji ya kivumbasi moja moja kwa namba, akituuliza habari za kila mchezaji. Nani kagombana na nani, nani kaota ndoto mbaya, nani kapita makaburini. Kisha alitupa masharti. Safari nyingine tuliingia uwanjani kinyumenyume, safari nyingine tulikatazwa kuoga. Sikuwahi kuuliza kama sufuria la kivumbasi ndilo lililopikia uji wetu wa asubuhi.

Sasa, mwaka huo akaja Kondo.

Alihamia kwetu kutoka shule moja ya upande wa Mlandizi, baada ya mama yake, aliyekuwa mjane, kurudi kijijini kwao, ambako ndiko kijijini kwa bibi yangu. Alikuwa kijana mkimya, mweusi wa kung'aa, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni maringo. Siku ya kwanza ya mazoezi alipewa mpira katikati ya uwanja, akatupita sisi wote tukimwona, mimi nikiwemo, akamlaza Shomari upande wa kulia na kuuweka mpira upande wa kushoto. Hakushangilia. Aliufuata mpira wavuni, akaurudisha katikati kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Nilimpenda papo hapo na nikamchukia papo hapo. Tulikaa dawati moja, tukagawana sabuni moja, na usiku nikiwa kitandani nilimwombea apate hata kajipu mguuni.

Tuliingia fainali ya shule za mkoa, na mechi ilipangwa kuchezwa Kibaha, dhidi ya wenyeji. Wiki moja kabla, Mwalimu Komba alichora uwanja wake ubaoni, akaandika majina. Mahali pa tisa aliandika Kondo. Jina langu nililikuta huko nyuma, mahali pa namba sita, kiungo wa kulinda.

"Mwalimu, namba tisa ni mimi," nilisema.

"Ulikuwa," alisema bila kugeuka. "Wewe unaona mpira utakakokwenda kabla haujafika. Kondo hana habari hiyo, anakimbia tu, na hakuna wa kumkamata. Anayeona akae nyuma." Halafu akagonga chaki kwenye mstari wa katikati. "Na namba sita havuki hapa mpaka nimemwita. Umenisikia, kapteni?"

Nilisema nimesikia. Leo, nikiwa nimepanga timu za watoto wa watu kwa miaka mingi, najua kwamba ile ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa na mwalimu. Siku ile niliisikia kama hukumu.

Jumapili nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akibangua korosho, jiwe moja chini, jingine mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona uso umeuvimbisha hivyo? Nani kakuudhi?"

Nikamwaga yote. Kwamba kuna mtu amekuja juzi tu, anataka kuninyang'anya namba yangu, na sitakubali, nitagombana naye mpaka kieleweke. Bibi alikuwa akiitikia huku akigonga, mpaka nilipolitaja jina.

"Kondo yupi? Wa Mwanahawa?"

"Huyo huyo."

Aliweka jiwe chini. Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Usigombanie kitu na yule mtoto. Chochote kile. Mkigombania kitu wewe na yeye, mtakikosa wote, na mmoja wenu ataumia."

"Kwa nini?"

Alisita sana. Nadhani aliogopa kunyamaza kuliko alivyoogopa kusema. "Yule ni kigego," alisema.

Kwa asiyejua, kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu kabla ya ya chini. Wazee wetu waliamini mtoto wa namna hiyo ana mkosi, kwamba anachokigusa kinavunjika na anayeshindana naye haponi. Zamani za zamani mtoto huyo hakuachwa aishi. Na bibi yangu alikuwa mkunga. Ndiye aliyempokea Kondo duniani, na ndiye, miezi sita baadaye, aliyepitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto yule na kukuta jino mahali ambapo halikupaswa kuwa.

"Mama yake alikuwa binti mdogo, analia hapa hapa ulipokaa," bibi alisema. "Nikamwambia nyamaza, funga vitu vyako, nenda Magindu kwa mjomba wako, ukae huko porini mpaka meno yote yatoke. Hakuna aliyejua ila mimi na yeye. Watu wa huku niliwaambia kafuata mume. Sasa vijiji hivi vimemrudisha kwetu, na mtoto mwenyewe mkubwa. Neno hili lilale hapa hapa, Mrisho. Likitoka hapa, hawana pa kukaa."

Bibi aliamini mkosi ule kwa moyo wake wote, na bado alimficha mtoto. Mambo haya mawili nilishindwa kuyaweka pamoja kichwani nilipokuwa na miaka kumi na sita. Nilichobeba mimi kutoka kwenye mkeka ule ni neno moja tu, kigego, na nililibeba hadi shuleni kwa furaha. Naona haya kuandika neno furaha, lakini ndiyo iliyokuwa.

Ijumaa alasiri tukapeleka jezi jikoni. Mzee Kitwana alikuwa amevaa shuka lake jekundu na kofia, ubani unafuka, upawa wa maharage uko bado mkononi. Alianza na namba moja, ya Shomari, akashuka hadi alipofika namba tisa.

"Huyu Kondo habari zake?"

Shomari alisema hana habari zake ila anafunga magoli. Mimi nilinyamaza kidogo. Nataka msomaji ajue kwamba nilinyamaza, na kwamba katika kimya hicho nilimwona bibi akitazama mlangoni. Kisha nikasema.

"Kondo ni kigego. Nimesikia kwa mtu anayejua."

Upawa ulimtoka mzee mkononi. Shomari alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Yeye ndiye aliyesema wa kwanza kwamba basi aachwe, asipande hata lori, lori litapinduka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kukubali.

Lakini Mzee Kitwana alikataa. "Kigego hafukuzwi," alisema. "Ukimfukuza atabaki nyuma na mkosi wenu. Aende. Ila mkosi huitafuta namba yake. Hiyo tisa asiivae, na pale katikati ya mbele asisimame. Mpeni tatu, akae pembeni nyuma kushoto. Mkosi ukija kwenye tisa, hautamkuta."

"Na tisa avae nani?" niliuliza, kama vile sijui.

"Nani aliivaa mwanzo?" mzee alisema, akanirushia ile jezi.

Tulipatana hivi: mimi tisa, Kondo tatu, na beki wetu wa kushoto achukue sita yangu. Kwa kuwa kapteni ndiye aliyegawa jezi siku ya mechi, mwalimu angetukuta tumeshaingia uwanjani. Kufikia saa ya chakula cha jioni, timu nzima ilikuwa inajua. Sikumwambia mtu mwingine. Shomari alinisaidia kazi hiyo.

Kesho yake tulipanda lori la shule, tukateremkia Pugu, tukazungukia Ubungo na kuishika barabara ya Morogoro mpaka Kibaha. Njiani lilipitishwa kopo la maji. Kondo alikunywa, akampa jirani yake, na jirani akalimwaga lote nje ya bodi ya lori. Wa pili akasema hana kiu. Kondo alitazama kopo tupu, kisha akatutazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi nikajifanya naangalia maduka ya Maili Moja. Nilipompa jezi namba tatu aliigeuza, akaisoma kama barua.

"Mwalimu kabadilisha?" aliuliza.

"Ndiyo," nilisema.

Hakuuliza tena. Nadhani alikuwa ameshajua yote tangu kwenye kopo. Mama yake alikuwa amemlea kwa kulisubiri kopo hilo.

Kipindi cha kwanza tulicheza ovyo. Kondo hakuwahi kucheza beki maishani mwake, na winga wao wa kulia alimzungusha mara tatu, mara ya tatu tukafungwa. Mimi nilisimama mbele na tisa yangu mgongoni, na namba tano wao, jitu lenye mapaja, halikuniacha nipumue. Enzi zile beki alikabidhiwa namba. Aliambiwa chukua tisa, naye aliifuata tisa popote iendako, hata ingekwenda kunywa maji.

Mapumziko, Mwalimu Komba alikuja akitetemeka kwa hasira. "Nani amefuta ubao wangu?"

Kumi na mmoja tunatazama viatu, na wengine hatukuwa hata na viatu. Mwalimu hakuwa mjinga, aliishi na sisi, alijua jiko linafanya nini Ijumaa. Alivuta pumzi, akatutazama migongoni, na ghafla nikamwona anafikiri. Hesabu ilikuwa inapita usoni kwake.

"Sawa," alisema. "Jezi msivue, refa ameshaandika namba. Lakini kila mtu arudi nilikomweka. Kondo, nenda mbele na tatu yako. Mrisho, rudi kiungo, na tisa yako. Beki wangu arudi kushoto. Yule namba tano ataifuata tisa mpaka nyumbani kwao, na katikati pale patakuwa kiwanja kitupu. Mrisho, kaa nyuma. Usivuke mstari. Leo kazi yako ni kumkalisha yule mtu mbali na goli lao."

Ikawa hivyo hivyo. Nilirudi nyuma, jitu likanifuata. Nilikwenda kushoto, likaja kushoto. Wenzake walimpigia kelele, naye aliwajibu kwa kuwaonyesha mgongo wangu. Nani atamkaba namba tatu? Beki wao wa kulia alidhani ni kazi ya kiungo, kiungo akadhani ni beki aliyepotea njia. Kondo aliupata mpira mara ya kwanza katikati ya uwanja mtupu, akakimbia nao, akafunga. Tukasawazisha, moja kwa moja. Mwalimu Komba aliruka hewani, mtu mzima na daftari lake. Mkosi ulikuwa umedanganywa, au namba tano alikuwa amedanganywa; kila mmoja alichagua la kuamini, na kwa dakika ishirini wote tulikuwa sahihi.

Nami nilikuwa na furaha gani? Niliitazama timu yangu ikicheza mpira mzuri kuliko wote niliowahi kuuona ikicheza, na mimi ndiye niliyeshika kamba. Kama ningekuwa na akili ya leo, ningelia kwa raha. Lakini masikioni nilisikia jina moja tu likipigiwa kelele, na halikuwa langu.

Zikiwa zimebaki dakika chache, winga wetu wa kulia alitoroka kwenda kupiga krosi. Niliiona kabla haijapigwa, kama mwalimu alivyosema naona. Niliona itakapodondoka, mbele ya goli, na niliona Kondo ameshafika, yuko peke yake, anasubiri. Haikuhitaji mtu mwingine. Nikavuka mstari. Nilikimbia robo tatu ya uwanja nikiwa na tisa mgongoni na lile jitu nyuma yangu, na Kondo alipoinua mguu kupiga, mimi nikauinua wangu. Kiatu changu kilikutana na goti lake. Nilisikia mlio mdogo, kama wa korosho.

Alianguka. Mpira uliokotwa na jitu, ukapigwa mbele, ukapita pale pale ambapo namba sita alitakiwa kuwa, na winga wao akabaki na Shomari. Mbili kwa moja. Nilikuwa bado nimemwinamia Kondo nyuma ya vumbi. Alikuwa ameng'ata kola ya jezi. Alifungua macho akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, bila hasira:

"Mrisho, umefuata nini huku?"

Filimbi ikapigwa muda mfupi baadaye.

Ndani ya lori hakuna aliyesema namba sita alikuwa wapi. Walikuwa wameusubiri mkosi tangu asubuhi, na wakauona: kigego kaanguka, mpira umepotea, tumefungwa. Hawakuhitaji kuona zaidi. Jumatatu Mwalimu Komba aliniita ofisini akaniuliza nilikuwa wapi goli lilipoingia. Nikamwambia nilikuwa nimemwinamia Kondo aliyeumia, jambo ambalo ni kweli. Alifunga daftari, akaniambia niende. Mwaka uliofuata alihamishwa, na sikupata tena nafasi ya kumwambia vingine.

Goti la Kondo halikurudi. Alitembea, lakini mguu ulikuwa unachora nusu duara kila hatua. Mimi nami sikuivaa tisa tena. Kila nilipopewa niliirudisha, nikamaliza shule nikiwa mtazamaji. Basi neno la bibi lilitimia lote, bila kupungua. Tuligombania kitu, tukakikosa wote wawili, na mmoja aliumia.

Habari zilifika kijijini kabla yangu. Kwenye shamba la kijiji wanawake walilima kwa mistari, kila kaya na mstari wake, na sasa kila upande wa mstari wa Mama Kondo palibaki mstari mmoja mtupu wenye majani. Mjumbe wa nyumba kumi aliitisha mkutano, akasema kwa ukali kwamba imani za kishirikina ni adui wa maendeleo. Kesho yake alimhamisha mke wake akalime upande wa pili.

Bibi hakunipiga wala hakunitukana. Alinifungia khanga mbili na kibaba cha mchele kwenye kapu, akanitwisha, tukaenda kwa Mama Kondo. Wanawake wale wawili waliingia ndani. Nilimsikia bibi akilia, mwanamke aliyezalisha nusu ya wilaya, analia na kusema, "Mwanangu, ni mimi, mdomo ni wangu." Alijitwisha kosa langu mbele yangu, na mimi nikamwacha.

Kondo alikuwa barazani, amenyoosha mguu, anasuka kamba. Vitu vyao vilikuwa vimeshafungwa, wanarudi Magindu. Nilikaa karibu naye. Niliuliza nilichoweza.

"Kwa nini hukuwaambia? Kwamba mimi ndiye niliyeacha nafasi yangu?"

Aliendelea kusuka. "Ningemsema kapteni," alisema, "wangesema kigego kaanza kusema watu. Wangekuogopea wewe."

"Wangeona ni kweli."

"Wewe ungewaambia, wangeona ni kweli." Alisema hivyo akanitazama, mara moja tu, akarudi kwenye kamba yake. Alikuwa ananipa nafasi. Nilikuwa na siku tatu kabla ya wao kuondoka, nilikuwa kapteni, neno langu shuleni na kijijini lilikuwa bado lina uzito. Sikusema. Waliondoka asubuhi kwa gari la mkaa lililokuwa likirudi tupu, na mistari ile mitatu ikachukuliwa na watu wengine.

Kwa miaka mingi kisa hiki nilikisimulia kama kisa cha bibi. Nilikisimulia vizuri, watu walitikisa vichwa, wakasema wazee walikuwa na mambo yao. Nilikipenda hivyo. Kikisimuliwa hivyo, kosa linakaa kwenye ufizi wa mtoto wa miezi sita, na hakuna mtu mwingine anayehitaji kulibeba. Siku hizi mimi mwenyewe ni mzee, na nimechoka kukisimulia vizuri. Sijui kama kuna mkosi duniani. Ninachojua ni kwamba kama upo, siku ile haukupata kazi ya kufanya, maana kila hatua niliipiga mimi: jikoni, kwenye lori, kwenye mstari wa katikati, na kwenye ile baraza.

Mwaka jana nilikwenda Kisarawe kumwona Shomari. Katika timu ile, kwa ninavyojua, tumebaki yeye na mimi, na Kondo kama yupo. Alinipokea kwa kahawa na kashata. Tulicheka habari za mijusi. Kisha nikamwambia yote, toka mwanzo, polepole, nikitumia vikombe na vipande vya kashata kumwonyesha: hapa Kondo, hapa mimi, hapa mstari, hapa goli lako. Nikamwambia, "Shomari, goli la pili lilipita kwangu. Kondo hakufanya kosa lolote. Mimi ndiye niliyemvunja, na mimi ndiye niliyetufungisha."

Alisikiliza mpaka mwisho. Akanywa kahawa yake, akaweka kikombe chini taratibu, akanipiga begani kwa upendo.

"Wewe bwana," alisema, "una roho nzuri tangu zamani. Mpaka leo unamtetea yule kigego."

Nilimwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi, nikamwapia. Akazidi kunisifu.